Diski sita nzima, RAID haina kosa, lakini video za harusi zinaoza. Nani anaharibu?

#1 Mpigapicha_Raha
Wakuu salaam. Nina studio ya picha na video hapa Tanga. Kazi zote nimezihifadhi kwenye RAID 6 ya Linux (diski kadhaa zinafanya kazi kama moja, hata mbili zikifa data inabaki; inasimamiwa na programu ya mdadm), diski sita za TB 4, data inagawanywa kwa vipande vya KB 64 kwa sababu nilifuata mwongozo wa kizamani.

Wiki iliyopita mama mmoja alirudi kuomba nakala ya harusi ya binti yake ya 2022. Nikafungua mbele yake. Bibi harusi anatolewa ndani, vigelegele vimepamba moto, mara uso wote ukageuka vigae vya kijani. Sekunde mbili, kisha ukarudi. Mama akanitazama tu.

Nina nakala ya zamani kwenye diski ya nje, ile ni safi. Nimepiga md5sum (inatoa namba ya utambulisho wa faili) pande zote mbili, hazifanani. Ukubwa ule ule, tarehe ile ile. Nikaingiwa na wasiwasi nikalinganisha folda nzima ya 2022: mafaili elfu kumi na moja na ushee, matano hayafanani. SMART (ripoti ya afya) ya diski zote: sekta zilizohamishwa 0, zinazosubiri 0. mdstat inaonyesha [UUUUUU], yaani zote sita ziko kazini. dmesg (ujumbe wa mfumo) kimya kabisa. Nani anaharibu bila kusema?

#2 Nusu_Kilo
Diski zimechoka hizo. Nunua sita mpya, uzi ufungwe.

#3 Chuma_Chakavu
Nusu_Kilo wewe hata taa ikizima unanunua nyumba mpya.

Mleta uzi, mambo mawili kabla hatujaanza kutukana diski za watu. Moja: unajuaje kwamba nakala ya nje ndiyo sahihi na ya kwenye RAID ndiyo mbovu? Ilipitia mashine gani? Pili: piga `cmp -l` (inalinganisha mafaili mawili baiti kwa baiti) kwa kila faili kati ya hayo matano, utuwekee matokeo. Data ikiharibika kimyakimya huwa inaacha umbo. Biti moja moja ni kesi ya peke yake, sekta nzima ya baiti 512 ni nyingine, kipande cha KB 64 ni nyingine. Bila umbo hapa tutapiga ramli.

#4 KasukuWaPwani
Mimi naona bibi harusi ana mzio wa kamera. Naendelea kusoma.

#5 ZFS_au_Jela
Nilijua nitaukuta uzi huu siku moja. Watu wengi wanadhani RAID inakagua data kila inaposoma. HAIKAGUI. Diski ikisema "haya hapa", mdadm inachukua na kukupa. Pariti (data ya ziada ya kufufulia iliyopotea) inaguswa diski ikifa au ikikiri kwamba imeshindwa kusoma. Diski inayodanganya kwa utulivu inaaminiwa.

ZFS (mfumo wa mafaili) ilitengenezwa pale kampuni ya Sun kwa ajili ya ugonjwa huu huu. Cheksamu (namba ya kuhakikishia data) ya kila bloku inakaa kwa mzazi wake, kwenye kiashiria kinachoelekeza kwenye hiyo bloku, haikai pamoja na bloku yenyewe. Kwa hiyo diski ikikuletea data ya zamani, au ya jirani, hesabu haitaoana, na nakala nyingine ikiwepo inajirekebisha yenyewe. Hamia huko.

#6 Mpigapicha_Raha
Asanteni. Kwa Chuma_Chakavu: nakala ya nje ilitoka kwenye kadi ya kamera kupitia laptopu yangu, haikugusa hii mashine. Na video ile inacheza vizuri upande huo. Kwa hiyo nasimama na diski ya nje.

Matokeo. Mafaili matatu yana baiti MOJA tu iliyobadilika kila moja. Safu ya kwanza ni mahali, ya pili ni diski ya nje, ya tatu ni RAID:

211013 101 141
37292101 312 352
85104709 121 161

Mawili yaliyobaki, likiwemo la bibi harusi, yana maelfu ya baiti tofauti, zote ndani ya eneo moja. Kwenye yote mawili eneo linaanzia kwenye namba inayogawanyika kwa 65,536 na halizidi baiti 65,536.

#7 stima_ni_yetu
Niko Nairobi, nimekuwa nikiangalia seva za watu miaka mingi. Hizo za kwanza si biti moja. 101 kwenda 141 ni tofauti ya 40. 40 ni 32 na 8, yaani biti mbili. Biti mbili kwa pamoja mara tatu si RAM hiyo, hapo ni kebo ama kadi.

#8 BintiPariti
Kaka stima, `cmp -l` inaandika baiti kwa msingi wa nane, si wa kumi. 40 ya msingi wa nane ni 32. Biti moja tu. Na tazama, mara zote tatu ni biti ile ile, na mara zote imepanda kutoka 0 kwenda 1. Haijashuka hata mara moja.

Sasa ngojeni niwaonyeshe kitu kizuri. `cmp` inaanza kuhesabu kutoka 1, kwa hiyo ondoa moja kwenye kila mahali, kisha gawanya kwa 4,096 utazame kinachobaki:

211012: kinabaki 2116
37292100: kinabaki 2116
85104708: kinabaki 2116

Mafaili matatu tofauti, moja ni picha na mawili ni video, biti ile ile, nafasi ile ile ndani ya ukurasa. Linux inapitisha mafaili kwenye kurasa za RAM za baiti 4,096. Ukurasa unaweza kuangukia popote kwenye RAM, lakini chembe moja mbovu daima iko umbali ule ule kutoka mwanzo wa ukurasa wake. Faili likibahatika kupewa ukurasa ule, linapigwa chapa.

Mashine ina RAM ya ECC, ile inayogundua na kurekebisha makosa yake?

#9 KasukuWaPwani
#8 nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa kusimama.

#10 stima_ni_yetu
Nimekubali, pole. Nilisoma kama desimali. Leo kahawa haijaingia.

#11 Chuma_Chakavu
BintiPariti kazi nzuri, ila usifunge jalada. Diski nayo ina kumbukumbu yake ya ndani, na kadi ya kuunganishia diski inaweza kuwa nayo. Chembe mbovu kule itatoa picha hiyo hiyo, kwa sababu data inapita kwa vipande vinavyogawanyika kwa 4,096 huko pia. Salio la 2116 linathibitisha kwamba ni kumbukumbu. Halisemi ni kumbukumbu ya nani.

#12 Mpigapicha_Raha
RAM si ECC. Historia fupi: mwanzoni hizi diski zilikuwa kwenye seva halisi. 2021 umeme ulirudi kwa kishindo, bodi ya seva ikaungua, diski zikapona. Nikazihamishia kwenye PC ya kawaida ya mezani. RAM mbili, moja ilikuja nayo, nyingine nilichomoa kwenye mashine ya mdogo wangu.

#13 Dr_Umeme
Hapo kwenye umeme ndipo pa kuanzia, nyie mnakimbilia hesabu. RAID 5 na 6 zina shimo la uandishi. Umeme ukikatika wakati data imeshaandikwa na pariti bado, mstari ule (vipande vya diski zote vyenye pariti moja) unabaki nusu mpya nusu mzee. Hakuna anayejua. Tanga umeme unakatika, sote tunajua. UPS ipo?

#14 BintiPariti
Dr_Umeme, nusu ya maelezo. Ukikatika hivyo, mdadm ikiwaka inaona safu (diski zote kwa pamoja) ilikuwa chafu, inakokotoa pariti upya kutoka kwenye data. Data yenyewe haiguswi. Shimo linauma pale ambapo diski moja haipo: basi ile data ya diski isiyokuwepo inazaliwa kutoka kwenye pariti ya uongo, na hata faili ambalo hukuligusa siku hiyo linaharibika. Safu yake ina diski zote sita.

#15 Mpigapicha_Raha
Ehm. Julai mwaka jana diski moja ilidondoka kwenye safu. Nikaichomoa, nikaichomeka, nikairudisha, ikajijenga upya siku nzima. Na ndiyo, katikati umeme ulikatika mara moja. UPS ninayo ila betri yake ni mapambo.

#16 Dr_Umeme
Asante. Sina la kuongeza kwa sasa. 😌

#17 KasukuWaPwani
Daktari kaweka kiti chini, kakunja nne.

#18 Nusu_Kilo
Kwa hiyo diski ILIDONDOKA. Nilisema nini #2?

#19 mkurugenzi_wa_giza
Mkuu fanya hivi utanishukuru: `echo repair > /sys/block/md0/md/sync_action`. Inarekebisha yote.

#20 BintiPariti
MPIGAPICHA USIPIGE HIYO.

#21 Chuma_Chakavu
Usiguse kibodi!

#22 Mpigapicha_Raha
Nilikuwa nimeshaandika hadi "repa". Nimefuta. Kwa nini?

#23 BintiPariti
Kwa sababu `repair` kwenye RAID 6 haitafuti mwongo. Inaamini data, inatupa pariti za zamani na kuandika mpya zinazokubaliana na hiyo data. Kama kipande cha data ndicho kibovu, umefuta ushahidi na dawa kwa pigo moja. Baada ya hapo RAID itakuapia kwamba bibi harusi alizaliwa na vigae vya kijani.

Piga `check` badala yake. Inasoma kila kitu, inalinganisha, haiandiki. (Debian inaipiga yenyewe Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, ila hakuna anayesoma matokeo.) Ikimaliza soma `mismatch_cnt`, hesabu ya yasiyooana. Itachukua saa nyingi kwa diski za TB 4, acha usiku.

@mkurugenzi_wa_giza si kosa lako, jina lenyewe linavutia. Ni jina baya.

#24 ZFS_au_Jela
Kwenye ZFS usingekuwa na swali hili, ungepiga `scrub` (ukaguzi wa cheksamu zote) ukanywa chai.

#25 stima_ni_yetu
ZFS_au_Jela, Novemba 2023 ulikuwa wapi? OpenZFS ilikutwa na mdudu: ukinakili faili wakati bado linaandikwa, nakala inaweza kupata mapengo ya sifuri. Cheksamu zote sawa, `scrub` safi, kwa sababu ZFS ilikokotoa cheksamu ya hizo sifuri kwa uaminifu mkubwa. Kwanza watu wakalaumu kipengele kipya cha toleo 2.2, baadaye ikajulikana mdudu ni wa zamani zaidi, `cp` mpya ilimwamsha tu. Ikabidi watoe 2.2.2 na 2.1.14.

#26 ZFS_au_Jela
Hiyo ilirekebishwa.

#27 KasukuWaPwani
Jela imefunguliwa mlango kidogo.

#28 Chuma_Chakavu
Wakati tunasubiri check, stori kwa wale wanaosema "diski" kila mara. CERN, wale wa chembe chembe kule Uswisi, mwaka 2007 waliamua kujipima. Waliandika faili lenye mpangilio unaojulikana kwenye seva zaidi ya 3,000, wakalisoma tena na kulinganisha, wiki tano. Walipata makosa kama 500 kwenye seva kama 100. Karibu asilimia 80 yalikuwa maeneo ya KB 64, na chanzo kilikuwa kutoelewana kati ya programu ya ndani ya diski na kadi ya RAID. Walilazimika kubadilisha programu ya ndani ya diski maelfu. Biti moja moja zilikuwa kama asilimia 10, na hizo waliona zinakwenda pamoja na matatizo ya RAM.

Mleta uzi ana maumbo hayo hayo mawili kwenye chumba kimoja Tanga.

#29 Nusu_Kilo
KB 64! Ni ile ile ya CERN! Kadi na diski hazielewani!

#30 BintiPariti
Taratibu. Safu yake ina kipande cha KB 64, kwa hiyo chochote kinachotokea kwa kipande kimoja cha diski moja kitakuwa na ukubwa huo. Kufanana na CERN hapa kunaweza kuwa kwa bahati.

#31 mtunza_nyaraka
Mimi nipo kwenye maktaba, yamenikuta pia, ila kwangu ilikuwa mtandaoni. Tulikuwa tunahamisha skani za magazeti ya zamani kutoka mashine moja hadi nyingine, kila baada ya siku kadhaa moja inaharibika njiani. Cheksamu ya TCP (kanuni ya kusafirisha data mtandaoni) ni biti 16 tu, makosa mengine yanapita. Swichi moja ya bei rahisi ilikuwa inavuruga pakiti kisha inazitungia CRC (cheksamu ya pakiti) mpya safi. Tuliitoa, yakaisha. Tangu hapo naweka faili la sha256 ndani ya kila folda siku ile ile ya skani. Kwa mleta uzi: video zinafikaje kwenye RAID, kwa kebo au kwa mtandao?

#32 Mpigapicha_Raha
Kwa mtandao, swichi ya duka la jirani. Mnaniongezea washukiwa.

Check imemaliza. Imechukua saa 9 kasoro. mismatch_cnt = 384.

#33 mkurugenzi_wa_giza
Makosa 384?? Mkuu pole.

#34 BintiPariti
Si makosa 384. Hiyo namba inahesabiwa kwa sekta za baiti 512. KB 64 ni sekta 128. 384 ni 128 mara tatu. Vipande VITATU vya KB 64. Ameshapata viwili, cha tatu kiko mahali hajakagua.

Tazama pia kisichokuwepo. Kama zile biti tatu zingeharibikia kwenye diski, baada ya pariti kukokotolewa, kila moja ingeongeza 8 kwenye hesabu, maana mdadm inakagua kwa KB 4. Tungeona 408. Tumeona 384 kamili. Kwa hiyo pariti INAKUBALIANA na biti mbovu. Ziliharibika kabla ya pariti, juu ya diski, juu ya kadi. Chuma_Chakavu, swali lako la #11, kumbukumbu ya nani: ya PC. Au ya swichi, kama mtunza_nyaraka anavyosema, ila swichi haijui kurasa za 4,096 za mafaili.

#35 Chuma_Chakavu
Nakubali. Hapo umenifunga. Kwa biti.

#36 KasukuWaPwani
"Kwa biti." Mzee kashindwa kwa awamu.

#37 Mpigapicha_Raha
Nimepiga memtest86+ (programu ya kupima RAM) usiku kucha. Kosa 0. Basi?

#38 Chuma_Chakavu
Usiku Tanga kuna upepo, mashine inapoa. Video unahariri saa ngapi?

#39 Mpigapicha_Raha
Mchana. Mlango umefungwa kwa sababu ya kelele za bodaboda. Feni inalipuliza kabati la nguo za maharusi, si mashine.

#40 Chuma_Chakavu
Piga saa nane mchana, mlango umefungwa hivyo hivyo. Tumia toleo la zamani, la 5, linaonyesha anwani na biti za kosa.

#41 Mdau_Kimya
Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Nakaa hapa.

#42 stima_ni_yetu
Mkisubiri, kisa cha kuwafanya msilale. Julai 2008 Amazon S3 (hifadhi ya data mtandaoni) ilizima kwa masaa. Chanzo: biti moja kwenye ujumbe ambao seva zao zinapashana habari za nani mzima nani mgonjwa. Ujumbe ulibaki unasomeka, ila habari ni ya uongo, ikasambaa kama uvumi wa mtaa. Data ya wateja ilikuwa inalindwa na MD5. Zile jumbe za ndani hazikuwa.

Na 2021 watu wa Facebook walieleza kesi ya prosesa. Kiini kimoja (core) ndani yake kikiulizwa 1.1 kwa kipeo cha 53, badala ya 156 kinasema 0. Programu ilikuwa inakokotoa ukubwa wa faili baada ya kulifungua, ikaambiwa 0, faili likarukwa. Viini vingine vyote kwenye prosesa ile ile vilikuwa sawa. Hapo RAM ya ECC, ZFS, vyote vinakutazama tu.

#43 Nusu_Kilo
Ongeza prosesa kwenye orodha ya manunuzi.

#44 Mpigapicha_Raha
WAKUU. Saa tisa na robo mchana, jasho linanitoka, memtest imetoa mistari minne myekundu. Zote anwani inaishia 844, na biti za kosa 00000020.

#45 BintiPariti
844 kwa msingi wa kumi na sita ni 2116. 20 kwa msingi huo huo ni 32.

Naomba niende nikatembee kidogo nje.

#46 KasukuWaPwani
Dada kaolewa na hesabu leo, na hakuna kigae cha kijani.

#47 Mpigapicha_Raha
Nimechomoa RAM ya mdogo wangu, mchana uliofuata kosa 0. Nimeirudisha ILE ILE kwenye tundu LILE LILE ili nihakikishe: kosa 0. Mchana mzima, joto lile lile. Siku ya pili tena 0.

#48 Chuma_Chakavu
Uliisugua ulipoichomoa?

#49 Mpigapicha_Raha
Niliipitisha kifutio cha penseli kwenye meno yale ya dhahabu, mazoea. Yalikuwa na ukungu wa kijani. Studio iko mita chache kutoka baharini.

#50 Chuma_Chakavu
Basi hatujui kama ni RAM, tundu, au chumvi. Itupe tu hiyo RAM, bei yake haifikii hasira za mama mmoja.

#51 Dr_Umeme
Au umeme mchafu unaoifikia RAM kupitia pawasaplai iliyochoka. Joto likipanda kapasita zinalegea. Kuchomoa na kuchomeka kulizima mashine, kapasita zikapoa. Msinisahau.

#52 BintiPariti
Salio moja la 2116 kwa umeme mchafu? Ungeona biti hapa na pale, si chembe moja kila siku.

#53 Dr_Umeme
Chembe dhaifu ndiyo inayoanguka kwanza umeme ukilegea. Zingine zinavumilia.

#54 BintiPariti
...hilo siwezi kulikataa moja kwa moja.

#55 Mdau_Kimya
Samahani kwa ugeni. Je, ile biti ya RAM haiwezi kuwa ndiyo iliyoharibu na KB 64? Kama imeangukia kwenye namba ya sekta, kipande kizima kinaandikwa mahali pengine.

#56 Chuma_Chakavu
Mgeni ameingia kwa mguu mzuri. Tujaribu. Nafasi 2116 ikigawanywa kwa 8 inabaki 4. Namba ya sekta ni ya biti 64, kwa hiyo baiti namba 4 (ukihesabu kutoka 0) ikipanda 32 umeongeza 2 kwa kipeo cha 37. Mara 512, ni TB 64 mbele. Diski ni ya TB 4. Keneli (moyo wa Linux) ingepiga kelele kwamba inapelekwa nje ya diski, na dmesg iko kimya. Ikiwa ni namba fupi ya biti 32, unasogea sekta 32, KB 16, na eneo lisingeanza kwenye mpaka wa KB 64. Sioni njia.

#57 BintiPariti
Na kipande kikiandikwa mahali pasipo pake kinaacha majeruhi wawili: kule kilikotakiwa kuwepo, na kule kilikoangukia. Ungetarajia idadi shufwa. Tuna vitatu.

Mpigapicha, ndani ya KB 64 mbovu ya bibi harusi kuna nini? Takataka, sifuri, au kitu unachokitambua?

#58 Mpigapicha_Raha
Nimekitoa na `dd`. Si sifuri. Ni kipande cha video nyingine, kimeanza katikati. Nilipokitafuta kwenye diski ya nje nikakipata: mahafali ya chekechea ya 2020, faili nililolifuta kwenye RAID zamani kupata nafasi.

#59 Chuma_Chakavu
Hiyo ni diski iliyosema "nimeandika" na haikuandika. Data ya zamani ikabaki chini. Uandishi uliopotea. Si jambo la hadithi: kuna utafiti wa 2008 wa diski milioni 1.53 kwa miezi 41, walikuta visa zaidi ya 400,000 vya cheksamu kutooana, na diski za SATA za bei nafuu zikaugua mara kumi hivi kuliko zile za gharama. Kama asilimia 8 ya visa vilionekana wakati wa kujenga safu upya, wakati mbaya kuliko zote.

RAID 6 ina pariti mbili, kwa hiyo kipande kimoja kikiwa kibovu hesabu inaweza kumtaja mwenye kosa. Ndani ya msimbo wa mdadm kuna kijiprogramu `raid6check`. Kijenge, ukipe safu, kitakutajia.

#60 ZFS_au_Jela
Au mdudu wa keneli. 2015 kampuni ya Algolia walitangaza kwamba SSD (diski zisizozunguka) za Samsung zinawafutia data, dunia ikazilaani. Wahandisi wa Samsung wakakaa, wakairudia hali ile, wakakuta kosa liko kwenye Linux yenyewe, RAID inapopitisha amri ya TRIM (inayoiambia SSD sehemu zipi hazitumiki tena). Wakatuma kiraka cha kurekebisha. Msihukumu diski mapema.

#61 KasukuWaPwani
ZFS_au_Jela anatetea diski! Mwaka huu tutaona mengi.

#62 Mpigapicha_Raha
Hizi si SSD, situmii TRIM. raid6check imetoa:

Mstari wa bibi harusi: diski ya nafasi 3.
Mstari wa faili la pili: diski ya nafasi 3.
Mstari wa tatu, ambao sijui ni wa faili gani: nafasi haijulikani.

Na ile iliyodondoka Julai ni ya nafasi 1.

#63 Nusu_Kilo
Nafasi 3! Hatimaye! DISKI!

#64 Dr_Umeme
"Haijulikani" maana yake ni zaidi ya kipande kimoja kibovu kwenye mstari huo huo. Umeme ulikatika, safu ikiwa na diski pungufu. Sihitaji kurudia #13.

#65 stima_ni_yetu
Nafasi 3 inaweza kuwa diski, kebo yake, mlango wake kwenye kadi, ama waya wa pawa unaogawanywa na feni. Sifa 199 kwenye SMART ya hiyo diski, ile ya makosa ya mawasiliano kwenye kebo, ni ngapi?

#66 Mpigapicha_Raha
Ni 14. Zingine zote 0. Kebo yenyewe nilikuwa nimeikunja kwa rababendi.

#67 BintiPariti
Makosa ya 199 yanaonekana na yanarudiwa, data inatumwa tena. Kebo mbovu inapiga kelele, haifanyi kimya. Ila kebo inayorudiarudia inaweza kuiamsha tabia mbaya ya programu ya ndani ya diski. Naandika hili nikiwa sina uhakika nalo hata kidogo.

Badili kebo. Zima kumbukumbu ya uandishi ya hiyo diski kwa `hdparm -W0`. Rudisha mafaili matano kutoka diski ya nje. Ile mistari miwili irekebishe kwa raid6check. Wa tatu tafuta kwanza ni wa faili gani.

#68 Mpigapicha_Raha
Nimefanya. Wa tatu uliangukia kwenye eneo tupu la mfumo wa mafaili, hakuna faili, nikauandika upya wote kwa sifuri. RAM ya mdogo wangu iko kwenye droo. Na mama nimempa nakala safi, akaniuliza kwa nini nilimwonyesha ile nyingine kwanza.

#69 KasukuWaPwani
Mwambie ilikuwa trela.

#70 Mdau_Kimya
Check mpya lini?

#71 Mpigapicha_Raha
Imeisha alfajiri hii, siku 12 baada ya kubadili kebo. Sifa 199 bado 14, haijaongezeka. mismatch_cnt = 128.

#72 Nusu_Kilo
😶

#73 Dr_Umeme
Umeme ulikatika katika hizo siku 12?

#74 Mpigapicha_Raha
Mara mbili. Lakini diski zote sita zilikuwepo.

#75 BintiPariti
Nafasi ya ngapi?

#76 Mpigapicha_Raha
raid6check inaendelea. Iko asilimia 31.